Jina la Mdudu na Dhamana ya Mwenye Kulitoa

Aishiye Buluk, mtaa wa mji wa Juba, hakosi kumjua mdudu mwembamba, mwekundu na mweusi, ambaye baada ya mvua hujia taa za usiku, na akisetwa juu ya ngozi huiunguza hata ikatoka malengelenge. Ndiyo maana wenye busara humpuliza, hawampondi. Yeye ni wa jamaa ya mbawakawa wenye mabawa mafupi, ambayo aina zake zilizokwisha kuandikwa zapita 60,000, na kila mwaka huongezwa nyingine. Basi mtaalamu atangazapo aina mpya, je, ameukuta mpaka uliowekwa na Muumba, ama ameuchora mwenyewe?

Linnaeus, ambaye kitabu chake cha mwaka 1758 ndicho msingi wa majina ya kitaalamu ya wanyama, aliitakidi kwamba aina ziliumbwa zikiwa kamili. Darwin, mwaka 1859, akabainisha kwamba hugeuka, na kwamba mara nyingi ni taabu kusema wapi moja yaishia na nyingine kuanza. Wala mdudu wetu hamsaidii apendaye mipaka, kwani sumu yake hutengenezwa na bakteria waishio ndani ya majike. Tukimweleza yeye, tunaeleza kiumbe kimoja au viwili?

Jawabu, nionavyo, limo katika adabu ya kazi yenyewe. Mwenye kutoa jina hasadikiwi kwa kauli tupu: sharti apime kichwa na mabawa, achunguze viungo vya uzazi vya dume, ambavyo pengine ndivyo pekee vipambanuavyo aina mbili zilizofanana, aziandike tofauti hizo, kisha aweke mwili mmoja katika makumbusho, ili hata wasiozaliwa bado waweze kuuhoji, na ikidhihiri kwamba mwingine alitangulia kuitaja aina iyo hiyo, kwa kawaida jina la kwanza ndilo lisimamalo. Kwa hiyo jina ni ushahidi, na ushahidi waweza kukosea pasipo kuwa uwongo.

Kurani yasimulia kwamba Adamu alifundishwa majina yote, na Taurati kwamba wanyama waliletwa mbele yake awape majina. Katika masimulizi yote mawili mwanadamu hutaja, haumbi. Mtaalamu wa wadudu Erichson alipompa mmoja wa wadudu hawa wa Afrika jina la Paederus sabaeus, mwaka 1840, hakumwongezea kitu. Mpaka alioutaja waweza kusogezwa na mwenzake mwenye jicho kali zaidi, na wote wawili watakuwa wametimiza wajibu mmoja, kwani awajibikaye kwa jina ni aliyelitoa. Mdudu hadaiwi chochote.