Hampi Ilimvunja Nani Moyo?

Wageni wanaorudi India mara ya pili au ya tatu hawakubaliani kuhusu Hampi, kule Karnataka. Wengine husema pamependeza: nguzo za mawe mbele ya hekalu la Virupaksha sasa zinaonekana vizuri. Wengine hulalamika pameboa: vibanda, chai na kelele za soko hazipo tena.

Lakini ziliendaje? Mwaka 2011 mamlaka za huko zilibomoa maduka na nyumba za familia zilizoishi kati ya nguzo hizo, ili kuhifadhi magofu ya Vijayanagara.

Basi tuulizane, nani ana haki ya kuvunjika moyo? Wewe umekosa picha. Mwenzako alipoteza jiko, kitanda na wateja. Ukisema unapenda mahali, uliza pia wanaobaki hapo ukishapanda basi wanalala wapi.