Shika Spana, Injini Hiyo Haijafa!

Wewe mwenye Land Rover ya zamani nyuma ya nyumba, ambayo kuku wanatagia kwenye kiti cha mbele na magugu yamefika usawa wa bampa, makala hii ni yako.

Gari hilo linakungoja wewe.

Halimngoji fundi wa mjini. Halimngoji mjomba aliyeahidi kupita sikukuu. Halingoji siku ambayo mfuko wako utajaa.

Kila asubuhi unalipita, unalitupia jicho la pembeni, unasema moyoni: nitalitengeneza mwakani. Mwakani gani? Ulisema hivyo mwaka jana. Ulisema hivyo mwaka juzi. Wewe uliahirisha, kutu haikuahirisha. Wewe ulilala, kutu haikulala.

Utalala mpaka lini?

Jiulize swali moja, na ujijibu bila kujionea huruma: gari hilo limekufa, au limetelekezwa?

Huenda Land Rover yako ni ya toleo la Series III, lililotengenezwa Solihull, Uingereza, kuanzia mwaka 1971 hadi 1985. Nyingi za toleo hilo zilibeba injini ya petroli ya sentimita za ujazo 2,286, yenye silinda 4 na valvu 8, ambayo asili yake ni mwaka 1958. Fungua boneti uitazame vizuri. Unaona kompyuta? Hakuna. Unaona sensa? Hakuna. Kuna chuma, bolti, oili, maji, petroli na cheche. Land Rover ilibuniwa ikimlenga mkulima, mtu aliye mbali na gereji. Ndiyo maana kabureta unaifikia kwa mkono na distributa unaifungua kwa vidole. Mbele kuna hata tundu la hendeli, ili uizungushe injini kwa nguvu za mabega yako.

Imeundwa ili mtu wa kawaida aiweze. Wewe si mtu wa kawaida? Basi unaiweza!

Hujui uanzie wapi?

Anza kuosha.

Usikimbilie kununua gasketi. Usishushe injini. Usibishane na mtu yeyote kuhusu ugonjwa wake, kwa sababu bado hamjauona. Miaka ya tope, oili na vumbi imejenga gamba juu ya chuma, na chini ya gamba hilo ndiko ubovu ulikojificha. Ng'oa gamba kwanza.

Hakikisha injini imepoa, maana maji ya ghafla juu ya chuma cha moto yanaweza kukipasua. Fungua betri, ukianza na waya wa hasi. Funika kabureta, distributa na altaneta kwa mifuko ya plastiki. Kwangua tope kwa kijiti au bisibisi iliyochakaa. Kisha chukua mafuta ya taa na brashi, sugua, acha yalainishe, sugua tena, futa kwa kitambaa. Petroli usiitumie kuoshea, mvuke wake unatafuta cheche tu ukulipue. Malizia kwa maji ya sabuni, taratibu, bila kumwaga ndoo nzima.

Halafu fungua filta ya hewa, ile yenye bakuli la oili. Tazama tope lililotuama chini. Kila chembe unayoiona hapo ni chembe ambayo haikuingia kwenye silinda kukwangua ringi. Bakuli hilo limekulindia injini miaka yote hiyo, na wewe umelilipa nini? Lioshe leo. Weka oili safi mpaka kwenye alama.

Simama. Tazama.

Sasa unaona! Huu hapa mchirizi wa oili chini ya kava ya tapeti. Hii hapa alama ya kutu chini ya pampu ya maji. Huu mpira wa rejeta umepasuka. Waya huu panya wameutafuna. Ulichokiita kifo huenda ni vijigonjwa vinne au vitano, kila kimoja na dawa yake, kila kimoja cha kiasi cha mikono yako.

Lakini nakusikia. Tayari unatafuta udhuru.

"Mimi si fundi."

Fundi gani alizaliwa ameshika spana? Unajua kuhesabu hadi 9? Basi unaweza kupima tapeti za injini hii. Valvu namba 8 ikiwa imefunguka kabisa, pima namba 1. Namba 7 ikifunguka, pima namba 2. Namba 6, pima 3. Namba 5, pima 4. Kisha geuza: 4 ikifunguka pima 5, na kuendelea. Kila jozi inajumlisha 9. Nafasi ni milimita 0.25 kwa valvu zote, za kuingiza na za kutoa moshi. Mtoto wa shule ya msingi anaiweza hesabu hiyo. Na wewe, mtu mzima mwenye akili timamu, umekaa miaka ukiamini kwamba hiyo ni siri ya watu wengine!

Nani alikuambia huwezi? Kwa nini ulimwamini?

"Sina pesa."

Hatua ya kwanza inadai mafuta ya taa, brashi, matambara na jasho. Jasho unalo. Mikebe mitupu ya kuwekea bolti unayo. Usihesabu bei ya injini nzima wakati kazi ya leo ni kusafisha plagi 4. Zing'oe, zisugue, pima nafasi, rudisha. Fungua platini, safisha midomo yake. Kesho itakuja na gharama ya kesho, na itakukuta ukiwa umesogea.

"Sina muda."

Huna muda? Jana usiku simu ilikula saa ngapi za maisha yako? Jumapili iliyopita ulikaa wapi ukibishana mpira mpaka giza likaingia? Muda unao. Unaugawa kwa kila anayeuomba, isipokuwa ndoto yako. Toa saa moja kila jioni. Moja tu! Leo bakuli la hewa, kesho plagi, kesho kutwa kabureta. Ngoja ngoja huumiza matumbo, na wewe tumbo lako linauma siku nyingi.

"Spea hazipatikani."

Mwaka 1976 Land Rover ya milioni moja ilitoka kiwandani Solihull. Milioni! Injini hii ilitengenezwa kwa zaidi ya miaka 20, na spea zake zinatengenezwa mpaka leo. Oktoba 2024 wenye Land Rover walikusanyika Arusha kwa tamasha lao, na barabara zikajaa magari ambayo wengine wangeyauza kwa kilo kama chuma chakavu. Wenye magari yale walizipata wapi spea? Walitafuta. Wewe umetafuta wapi?

"Naogopa kuharibu."

Hofu hiyo ina dawa, na dawa yake ni utaratibu. Kabla ya kufungua chochote, piga picha. Kila bolti iingie kwenye mkebe wake, kila mkebe uandikwe. Ukifika kwenye silinda hedi, legeza bolti kidogo kidogo, na wakati wa kurudisha kaza kuanzia katikati kwenda nje, kwa spana inayopima nguvu, kama kitabu cha gari kinavyoagiza. Saga valvu zako mwenyewe mpaka uone mzunguko wa kijivu ulio sawa pande zote. Ikifika kazi ya kuchonga silinda au kusaga krenki, peleka kwenye karakana yenye mashine. Hilo si kushindwa. Utakwenda ukijua unachokitaka, na hakuna atakayekudanganya.

Injini imegoma kuzunguka? Usiivute kwa trekta! Ng'oa plagi, mimina oili kidogo katika kila silinda, iache ilowe usiku kucha, na zaidi ikibidi. Kisha shika hendeli, sukuma polepole. Haijakubali? Ongeza oili, ngoja, rudi. Nguvu za hasira huvunja. Nguvu za subira hufungua.

Usisahau yaliyo ndani. Mwaga maji ya zamani, kwenye rejeta na kwenye koki ya pembeni mwa bloku, kwa kuwa tope la kutu hujikusanya ndani na ndilo linaloifanya injini ichemke. Suuza mpaka maji yatoke meupe. Mwaga oili nyeusi, badilisha filta, weka mpya. Oili chafu ihifadhi kwenye dumu. Usiimwage shambani, ardhi hiyo inakulisha.

Utachoka. Mgongo utauma. Kuna bolti itakatika, na utaitoa. Kuna jioni utaunga kila kitu, utajaribu kuwasha, injini ikae kimya. Utafanya nini? Utaanza upya: cheche ipo? Petroli inafika? Waya zimefuata mpangilio wa 1-3-4-2? Mtaka cha uvunguni sharti ainame. Inama! Cha uvunguni hakijawahi kumpanda mtu aliyekaa kitini.

Na sikiliza jambo hili, kwa maana ndilo kubwa kuliko injini yenyewe. Chuma hakipendelei mtu. Hakiulizi cheti chako. Hakijali baba yako ni nani, wala ulipata alama gani. Ukikisafisha, kinasafika. Ukikipima sawa, kinakaa sawa. Saa uliyokipa kinakurudishia, na saa uliyokinyima kinakudai. Ni wapi pengine katika maisha yako utapata malipo ya haki namna hiyo?

Yule atakayeirudisha injini hiyo kwenye mngurumo wake hatakuwa mtu yuleyule aliyeiogopa. Atajua kwamba kitu kilichokwama kinaweza kukwamuliwa. Atatazama biashara iliyolala, masomo aliyoyaacha njiani, shamba lililogeuka pori, na atauliza swali lilelile la fundi: uchafu uko wapi, nianze kuuondoa?

Mtu huyo yumo ndani yako. Amelala. Mwamshe!

Kwa hiyo usisubiri Jumamosi. Usisubiri mshahara. Usimsubiri mtu wa kukushika mkono.

Fukuza kuku. Ng'oa magugu. Nyanyua boneti leo, kabla ya jua kuzama, na usiende kulala mpaka mikono yako inuke mafuta ya taa.

Spana iko wapi? Ishike. Anza!