Kipima Kilisema 43

Kisa hiki ni cha kutunga, ila hakuna hatua ndani yake isiyoweza kutokea katika kituo chochote cha uzamiaji, tangu Watamu hadi Mafia.

Kijana wa kujaza mitungi alikuwa akitengeneza naitroksi, yaani hewa iliyoongezewa oksijeni, ya asilimia 32. Hewa tunayovuta kila siku ina oksijeni karibu asilimia 21, kwa hiyo yeye hutia kwanza oksijeni tupu mpaka geji isome baa 28, kisha hujazia hewa kwa kompresa hadi 200. Siku hiyo alipomaliza kutia oksijeni aliitwa ufukweni kusaidia kupakia chombo. Mwenzake akaingia, akakuta geji iko 28, akadhani ni hewa iliyobaki tangu jana. Akatia baa 28 nyingine za oksijeni, akajazia hewa, akabandika lebo ya 32. Mtungi ule sasa ulikuwa na asilimia 43. Oksijeni haina rangi wala harufu wala ladha, na geji ya presha haijui ni gesi gani iliyomo.

Kipima oksijeni kilikuwepo. Msaidizi wa mzamiaji aliyewekewa mtungi huo alifungua valvu kidogo, akaielekeza gesi kwenye sensa, akangoja namba itulie.

"Kaka, mtungi wako unasoma arobaini na tatu."

"Mashine yenyewe ya zamani hiyo, dogo. Lebo inasemaje?"

"Thelathini na mbili."

"Basi ndiyo hiyo hiyo. Twende, wageni wanangoja."

Kwangu mimi, kosa la kule kwenye kompresa ni dogo kuliko hili. Binadamu akiitwa katikati ya kazi husahau, na kupima kuliwekwa ili makosa ya namna hiyo yanaswe. Hili lilinaswa, kisha likaachiwa. Kisingizio chenyewe kiliegemea upande mbaya: sensa iliyochoka, ikikosea, aghalabu husoma chini ya ukweli, kwa hiyo uzee wake ulikuwa sababu ya kuogopa zaidi. Valvu ikifunguliwa kwa nguvu mno namba huweza kupanda, ni kweli, lakini hilo huondoka ukipunguza gesi na kupima tena. Na kama alikishuku kifaa, angekiacha kivute upepo wa bahari: kikisoma 20.9, kizima. Zote hizo ni dakika chache, na wageni wangeendelea kupiga picha.

Mwamba waliokuwa wakiuendea uko mita 30. Katika kina hicho presha ni mara nne ya ile ya juu ya maji, hivyo oksijeni ya mtungi wa 32 ingemfikia mzamiaji kwa presha ya baa 1.28. Ya 43 ilimfikia kwa 1.72. Wazamiaji hujiwekea kikomo cha 1.4, na 1.6 ndiyo ya mwisho kabisa. Kompyuta yake ya mkononi ilikuwa imewekwa 32, kwa hiyo haikulia.

Mfaransa Paul Bert alikwisha andika mwaka 1878 kwamba oksijeni ikizidi presha huleta degedege. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, daktari Kenneth Donald wa jeshi la majini la Uingereza aliwajaribu wazamiaji wengi akaona kwamba mtu yule yule huweza kustahimili leo na kushindwa kesho. Ndiyo maana "mbona nimewahi kwenda na nisidhurike" si hoja.

Kule mwambani, midomo ilianza kumcheza mzamiaji wetu. Kabla hajaonyesha ishara yoyote mwili ukakakamaa, ukatetemeka, regulata ikamtoka mdomoni. Juu ya maji, degedege hilo hupita na mtu akaamka. Chini, pumzi inayofuata ni maji. Msaidizi, aliyekuwa na mtungi wa hewa ya kawaida, alimpandisha, lakini hakuzinduka.

Mtungi wenye asilimia 43 si mbovu. Ungemfaa vizuri hadi mita 22, kwenye mwamba wa karibu, au angeuacha na kuchukua wa hewa. Kilichotakiwa ni kuing'oa lebo ya zamani na kubandika mpya yenye asilimia iliyosomwa, kina cha mwisho, tarehe, na sahihi ya mzamiaji mwenyewe, baada ya kuitazama namba ile kwa macho yake badala ya kusomewa.