Bao, Baraza na Tuhuma ya Uvivu

Picha hiyo msomaji ameiona mara nyingi. Gazeti linapoandika juu ya ukosefu wa ajira, au televisheni inapotangaza habari ya vijana wasiojituma, mpigapicha haendi mbali. Huielekeza kamera yake kwenye baraza ambapo wanaume watano wameuzunguka ubao wa bao, mmoja wao ameinua mkono wenye kete, na maelezo chini ya picha husema kwamba taifa linapoteza nguvu kazi. Hakuna aliyeulizwa jina lake, wala kazi yake, wala saa aliyoamka. Bao limekwisha kutoa ushahidi dhidi yao.

Wala tuhuma hii haikuishia kwenye picha. Si mara moja viongozi wa wilaya za Tanzania Bara wametangaza marufuku ya kucheza bao, drafti na karata katika saa za kazi, na vyombo vya habari vikaipokea amri hiyo kwa shangwe. Kwa hiyo anayetaka kulitetea bao hana budi kutetea jambo kubwa zaidi ya ubao na kete zake. Hana budi kuuliza: saa za mtu asiyeajiriwa na mtu ni mali ya nani?

Kabla ya kulijibu swali hilo, inafaa tuutazame mchezo wenyewe, maana wengi wanaoushutumu hawajapata kukaa wakaufuata hadi mwisho. Bao la kete lina mashimo 32, katika safu nne za mashimo manane manane, na kete 64, aghalabu komwe zilizochumwa katika mti wa mkomwe. Kila mchezaji anamiliki safu mbili. Mwanzoni kila mmoja huweka ubaoni kete 10 tu: sita katika shimo liitwalo nyumba, na mbili mbili katika mashimo mawili ya jirani. Kete 22 zilizobaki hukaa mkononi, na katika hatua ya kunamua huingizwa moja moja kila zamu. Zikimalizika, mchezo huingia katika mtaji, na hapo kila kitu kimo ubaoni. Anayeishiwa na kete katika safu yake ya mbele, au akakosa mwendo, amefungwa.

Ugumu wa bao umo katika mwendo. Kete ya mwisho ikiangukia shimo lenye wenziwe, mchezaji huzichota zote na kuendelea kuzisambaza, shimo baada ya shimo, akila hapa na kuvuka pale, mpaka kete ya mwisho ilale katika shimo tupu. Mwendo mmoja waweza kuuzunguka upande mzima wa mchezaji zaidi ya mara moja. Mtazamaji huona mkono unaokwenda mbio. Asichokiona ni kwamba bingwa alikwisha kuhesabu, kabla hajagusa kete ya kwanza, mahali ambapo ya mwisho italala, na tena jibu la mpinzani baada ya hapo. Hakuna dadu ya kumwokoa wala karata iliyofichwa ya kumlaumu. Mtafiti wa Kiholanzi, Alex de Voogt, alikuja Zanzibar kuchunguza ustadi wa mabingwa wetu, na kitabu alichokitoa mwaka 1995 alikiita Limits of the Mind, yaani mipaka ya akili. Mgeni alivuka bahari kuja kupima ukomo wa akili ya mwanadamu, na mahali alipopafikia ni barazani, palepale ambapo mpigapicha wetu aliona uzembe.

Bao lina adabu yake pia. Mwenye uwezo wa kula analazimika kula. Hana ruhusa ya kutakata kwa sababu tu kutakata kungemfaa zaidi. Kanuni hii hufundisha kwamba nafasi ikifunguka ina wajibu wake, na kwamba tamaa na hila zote mbili zina mpaka. Jambo jingine linastahili kuzingatiwa na kila apendaye maana za mambo. Katika sataranji, kilicholiwa hutolewa nje ya ubao, kikawa maiti. Katika bao hakuna kinachotoka. Kete hazina rangi ya huyu wala ya yule. Nilichokula kwako nakipanda kwangu, na punde kitarudi kwako. Zilikuwa 64 mwanzo na zitakuwa 64 mwisho. Nimewahi kusikia watu wakieleza mali, vyeo na zamu za dunia kwa maneno mengi sana, lakini sijui maelezo yaliyo mafupi na makamilifu kuliko hayo.

Si ajabu basi kwamba washairi waliligundua mapema. Muyaka bin Haji wa Mombasa, bingwa wa mashairi katika miongo ya mwanzo ya karne ya 19, alilitungia bao shairi, naye ndiye huyohuyo aliyepigania mji wake kwa ulimi katika siasa za zama za Wamazrui. Udugu wa bao na ushairi wa kujibizana u wazi kwa yeyote aliyezoea vyote viwili: mmoja huweka fumbo, mwenziwe hulichukua palepale lilipoishia, akalirudisha likiwa limebeba zaidi ya alilopewa. Na mchezo huu haukubaki Unguja na Pemba peke yake. Umeenea pwani ya Kenya na Bara, umefika Malawi, na ndugu zetu wa Komoro wana wao wa jamaa hiyohiyo, wanaouita mraha.

Sasa turejee kwenye saa. Mpigapicha alipita barazani saa nne asubuhi, akahukumu kwa saa ya ofisi. Lakini visiwa havina saa moja ya kazi. Mvuvi wa dagaa huvua kwa taa katika usiku wa giza. Mbalamwezi ikiwaka, taa yake haina kazi, naye hukaa nchi kavu akisubiri mwezi upungue. Anayevua usiku kucha hurudi alfajiri, huuza, husafisha nyavu, hulala kidogo, na saa nne hiyo ndiyo jioni yake. Wavuvi wengine hufuata bamvua na maji mafu, na pepo za kusi zikichafuka hawana la kufanya ila kungoja. Msimu wa karafuu ukiwadia, watu hupanda mikarafuu tangu asubuhi, na usiku bado wanachambua. Msimu ukipita, hupita na kazi yake. Mpagazi wa bandarini hufanya kazi chombo kinapofika. Watu hawa wote hupumzika kweupe, mbele ya kila apitaye, kwa kuwa walitaabika gizani au mbali na macho ya watu. Mwenye mshahara hupumzika usiku, ndani ya nyumba yake, mbele ya televisheni, wala hakuna anayempiga picha.

Hapa ndipo dhuluma ya tuhuma hii inapodhihiri. Mtu mwenye cheo akienda kucheza gofu siku ya kazi, huambiwa kwamba anajenga mahusiano, au anatunza afya. Mwalimu Julius Nyerere alijulikana kwa mapenzi yake ya bao, na chini ya uongozi wake Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilihubiri juhudi katika kazi. Hakuna aliyeona kwamba mambo hayo mawili yanagombana. Alipocheza yeye, bao lilikuwa hekima na utamaduni. Akicheza mchukuzi, bao lilelile huwa uvivu. Kilichobadilika ni mchezaji, wala si mchezo, na hukumu inayobadilika kwa kutazama mfuko wa mshtakiwa haistahili kuitwa hukumu.

Wala macho haya hayakuanza jana. Dikrii ya mwaka 1897, iliyofuta hadhi ya kisheria ya utumwa katika Unguja na Pemba, ilimpa mtumwa uhuru kwa mkono mmoja na kumdai kwa mkono wa pili: aliyetambuliwa kuwa huru alipaswa kuonesha kwamba ana makazi maalumu na njia ya kujikimu, la sivyo ahesabiwe mzururaji. Tafakari maana yake. Jambo la kwanza ambalo serikali ilimtaka mtu huru alithibitishe ni kwamba hakukaa bure. Bwana wake, aliyekula jasho la wengine maisha yake yote, hakuulizwa. Na baada ya uhuru wa nchi, huko Bara, kampeni ya Nguvu Kazi ya mwaka 1983 iliwasaka mijini watu walioonekana hawana kazi, ili wapelekwe mashambani. Sisemi kwamba mwandishi wa leo anajua historia hii anapoandika maelezo chini ya picha yake. Nasema kwamba ameazima macho bila kuuliza yalikuwa ya nani.

Hata hivyo, mtetezi mwaminifu hawezi kuzifumbia macho hoja za upande wa pili, nazo ni tatu.

Ya kwanza ni ya wahenga wenyewe: kazi mbaya si mchezo mwema. Methali hii ni ya kweli, na hakuna mcheza bao mwenye akili timamu anayeipinga. Lakini methali hupima vitu viwili ambavyo mtu anaweza kuchagua baina yake. Kijana aliyezunguka mjini tangu alfajiri akitafuta kibarua, akakikosa, hakuiacha kazi mbaya kwa ajili ya mchezo mwema. Hakupewa yote mawili. Kumkataza bao hakumwongezei kibarua hata kimoja. Kunamwondoshea tu mahali pekee ambapo bado anaheshimiwa kwa akili yake, na ambapo, aghalabu, ndipo husikia habari ya kazi ya kesho.

Ya pili ni ya dini. Sikusudii kutoa fatwa, kwa kuwa jambo hilo lina wenyewe. Ila inajulikana kwamba katika madhehebu ya Shafii, yenye wafuasi wengi zaidi pwani yetu, michezo ya dadu imekatazwa, ilhali sataranji, isiyotegemea bahati, imehesabiwa kuwa makuruhi, mradi isiwe na kamari wala isimsahaulishe mtu sala yake. Bao halina dadu. Anayelitia kamari amelitia yeye, na anayesikia adhana akaendelea kusambaza kete anajua kosa ni la nani. Baraza nyingi hunyamaza wakati wa sala, na ubao hungoja.

Ya tatu ndiyo nzito kuliko zote, na nashangaa kwamba magazeti huigusa kwa nadra. Nani anachota maji wakati mume ananamua? Tangu kilimo cha mwani kilipoanza katika mwambao wa mashariki wa Unguja mwaka 1989, wanawake ndio wengi wa wakulima wake. Huingia baharini maji yanapotoka wakati wa bamvua, huinama juani kwa saa nyingi, kisha hurudi nyumbani kupika na kufua. Baraza ya mbele si yao. Kwa hoja hii bao halina utetezi kamili, na mwanamume anayekula saa za mkewe ili apate saa za kuchezea amevunja haki, hata awe bingwa wa visiwa vyote. Lakini tuangalie dawa yake. Kuuvunja ubao hakuipunguzi ndoo ya mwanamke uzito. Haki ingekuwa kuigawa kazi ili mapumziko nayo yagawike, na mke naye awe na saa ambayo hakuna anayemuuliza ameitumiaje. Na jicho lile lililomwona mwanamume barazani likamwita mvivu ndilo lililompita mwanamke aliyeinama majini bila kuihesabu kazi yake.

Hoja hizo tatu zinanirudisha kwenye swali la mwanzo. Nionavyo mimi, tofauti kubwa baina ya mtumwa na mtu huru haimo katika uzito wa kazi, kwa sababu watu huru wengi hufanya kazi nzito kuliko watumwa. Imo katika saa inayobaki kazi ikiisha. Saa ya mtumwa iliyobaki ni ya bwana wake, ambaye humpumzisha ili amtumie tena kesho. Saa ya mtu huru ni yake: aitumie kwa ibada, kwa usingizi, kwa shairi, au kwa kuhesabu kete itakapolala. Anayemdai hesabu ya saa hiyo, mtu ambaye hakumwajiri wala hamlishi, amejitwalia cheo ambacho mwaka 1897 tuliambiwa kimefutwa.

Mcheza kwao hutunzwa, walisema wazee. Hatuombi tuzo wala zulia kwa wacheza bao. Twaomba jambo dogo: mpigapicha atakapopita tena barazani, aiweke kamera chini kidogo, akae, aulize huyu alirudi na ngalawa saa ngapi na yule anangoja chombo gani. Kisha autazame mchezo hadi mwisho. Akiweza kutabiri kete ya mwisho itakapolala, na aandike apendavyo.