Nasaha kwa Mwanangu Anayechagua Timu

Mwanangu,

Umeniuliza umshangilie nani katika mpira wa kikapu wa NBA, ligi ya Marekani: Los Angeles Lakers au Boston Celtics. Wenzako mtaani wameshagawanyika, kila upande unakuvuta, na wewe huna raha mpaka uamue. Sitakuchagulia, kwa sababu timu ya kuchaguliwa haikai moyoni. Nitakupa nasaha, nawe uzishike hata kama mwisho wake utaangukia timu nyingine kabisa. Msingi wake ni mmoja: heshima ya shabiki haitokani na jezi aliyovaa, inatokana na anavyomtendea aliyevaa jezi ya upande wa pili.

Kwanza, jua kabla ya kuchagua. Shabiki asiyejua historia ya timu yake hutetea jina tupu, na akibanwa kidogo huishia kutukana. Celtics walitwaa taji lao la 18 mwaka 2024. Lakers walitwaa la 17 mwaka 2020, na katika hayo, matano waliyapata wakiwa bado Minneapolis, kabla ya kuhamia Los Angeles mwaka 1960. Timu hizi zimekutana fainali mara 12. Celtics wameshinda 9, Lakers 3. Mtu wa Boston atakutajia Bill Russell na mataji yake 11 ndani ya misimu 13. Mtu wa Los Angeles atakujibu kwa mwaka 1985, Lakers walipotwaa ubingwa kwenye ukumbi wa Boston wenyewe, au mwaka 2010, walipoubeba katika mechi ya saba kwa 83 kwa 79. Wote wawili wanasema kweli. Wasikilize bila kumkata mtu kauli, ndipo uamue.

Pili, chagua kwa mapenzi, usichague kwa chuki. Anayeipenda Celtics kwa sababu tu anawachukia Lakers, siku Lakers wakitolewa mapema hana tena cha kutazama. Na mapenzi hayahitaji sababu kubwa. Unaweza kuvutiwa na mchezaji mmoja, na namna timu inavyopasiana mpira, au na mtu wa kwenu. Mwaka 2009 Memphis Grizzlies walipomchukua Hasheem Thabeet kuwa chaguo la pili katika drafti ya NBA, yaani zoezi la timu kuchagua wachezaji wapya, Mtanzania aliyeanza kuifuata Memphis siku ile alikuwa na sababu halali kabisa. Kisichokuwa halali ni kumgeuzia kibao alipokosa namba na kuhamahama, Houston, Portland, mpaka Oklahoma City. Kijana wa Dar es Salaam aliyefika mahali ambapo hakuna Mtanzania aliyewahi kufika alistahili dua, si kejeli. Ukimpenda mtu wakati wa neema, usimkane wakati wa dhiki.

Tatu, ukishachagua, tulia. Usiwe shabiki wa bingwa wa kila mwaka, leo huku, kesho kule. Mchezaji akihama, muage vizuri. LeBron James alipoondoka Cleveland kwenda Miami mwaka 2010, wapo mashabiki waliochoma jezi yake hadharani. Mwaka 2014 alirudi. Mwaka 2016 Cleveland wakiwa nyuma mechi tatu kwa moja dhidi ya Golden State, aliwaongoza kutwaa ubingwa, na mji ule ukapata taji kubwa la kwanza tangu mwaka 1964. Mji uliomtukana ndio uliojaa barabarani kumpokea. Weka akiba ya maneno, mwanangu. Hujui ni nani utakayemhitaji kesho.

Nne, usifunge hesabu kabla ya king'ora cha mwisho. Tarehe 5 Mei 1969 Lakers na Celtics walicheza mechi ya saba ya fainali huko Los Angeles. Mmiliki wa Lakers, Jack Kent Cooke, alikuwa ameagiza maelfu ya maputo yafungwe kwenye dari ya ukumbi, yaachiwe Lakers wakishinda, na ratiba ya sherehe ikaandikwa kabla mpira haujarushwa. Wachezaji wa Celtics waliinua macho wakayaona. Walishinda 108 kwa 106, na maputo yakabaki darini.

Mechi hiyohiyo ina funzo la pili, nalo ni zito zaidi. Jerry West wa Lakers alicheza akiwa ameumia msuli wa paja, akafunga pointi 42, na yeye ndiye aliyetangazwa mchezaji bora wa fainali ingawa timu yake ilishindwa. Mpaka leo hakuna mwingine aliyepewa tuzo hiyo akiwa upande wa walioshindwa. Basi timu yako ikifungwa, usimsingizie mwamuzi, wala usizime simu kuwakwepa wenzako. Sema, "Mmetushinda, hongereni." Asiyekubali kushindwa si mshindani. Na ikishinda, mtaje kwa jina aliyecheza vizuri upande wa pili. Kumsifu hakukupunguzii ushindi hata chembe.

Tano, tania bila kudhalilisha. Utani wa mashabiki una raha yake, na sisi tuliokulia katikati ya Simba na Yanga tunaujua. Lakini una mpaka. Dikembe Mutombo, mzaliwa wa Kinshasa, kila alipozuia mpira wa mtu alitikisa kidole kuonyesha kwamba hapa hapapitiki. NBA ilikuja kuamua kwamba kumtikisia mpinzani kidole usoni ni kosa, naye akawa anawageukia watazamaji na kukitikisa kwao. Chukua kipimo hicho: furahi na watu wako, usimnyanyase aliyeshindwa. Usiguse kabila la mtu, dini yake, rangi yake wala mama yake. Bill Russell aliiletea Boston mataji, na bado watu waliivunja nyumba yake wakaandika matusi ya kibaguzi ukutani. Na usirushe kitu uwanjani. Mwezi Novemba 2004, karibu na Detroit, shabiki alimrushia kikombe cha kinywaji Ron Artest wa Indiana Pacers. Artest akapanda jukwaani, ngumi zikatembea, mechi ikavunjika ikiwa imebaki chini ya dakika moja, na wachezaji tisa wakafungiwa. Vurugu za jukwaani zilianza na kikombe kimoja.

Sita, ushabiki usile haki za wengine. Mechi za fainali za NBA mara nyingi huanza kwetu saa tisa na nusu usiku. Wakati huo mama yako amelala, jirani amelala, na wewe asubuhi una shule. Tazama, lakini punguza sauti, na saa ya kuamka ikifika amka bila kusukumwa. Ukialikwa kubeti, kataa. Mwaka 2024 NBA ilimfungia maisha Jontay Porter wa Toronto Raptors, baada ya kubainika kwamba alivujisha habari zake kwa wacheza kamari. Kama fedha za kamari zilimharibu aliyekuwa akilipwa kucheza, zitakufanya nini wewe unayetazama tu? Ukiweka mkeka, huishangilii tena timu. Unaulilia mfuko wako.

Saba, mpinzani ni mwenzako. Magic Johnson wa Lakers na Larry Bird wa Celtics walikuwa hawazungumzi mpaka mwaka 1985, walipokutana kupiga tangazo la viatu nyumbani kwa akina Bird huko French Lick, Indiana. Mama yake Bird alimkaribisha Magic chakula cha mchana. Walikaa meza moja, na urafiki wao haujavunjika tangu hapo. Mwezi Februari 1993 Boston walipomuaga Bird, Magic alihudhuria akiwa na koti la Lakers, na koti lilipofunguliwa ndani alikuwa amevaa fulana ya Celtics. Ule haukuwa usaliti. Ada ya mja hunena, muungwana ni vitendo. Ikiwa wenyewe waliotoana jasho waliheshimiana hivyo, sisi tunaotazama kwenye runinga tunagombana kwa lipi?

Basi amua, mwanangu, na usiogope kukosea, maana katika hizo mbili hakuna timu mbaya. Ukishaamua, wa kwanza kumpa habari awe rafiki yako wa upande wa pili, na umwalike mtazame mechi pamoja.