Kuingia Bila Hodi

"Aliye na haki hajifichi. Akijificha ni mwizi." Maneno hayo yalitamkwa hapa Kasongo, Kongo, na mzee mmoja aliyesoma sheria, mtu ninayemheshimu, na tangu hapo yananikereketa. Tulikuwa tunabishana kuhusu vijana wanaovamia tovuti za serikali ili kupinga jambo: hayo ni maandamano au ni uhalifu mtupu? Mzee alikata shauri kwa pumzi moja, waliokuwepo wakatikisa vichwa, naye akaaga.

Ukali wake haukuniudhi. Kilichoniudhi ni kwamba mtu aliyetuingiza katika ubishi ule hakuwa amejificha hata kidogo. Tulikuwa tumeanza na Rose Njeri, mtengenezaji wa programu wa Nairobi. Mwezi Mei 2025 aliunda tovuti iliyomwezesha Mkenya yeyote kubonyeza mara moja na kulipelekea bunge baruapepe ya kupinga Mswada wa Fedha wa mwaka huo. Tarehe 30 Mei polisi walimkamata, wakamweka ndani mpaka tarehe 3 Juni alipopewa dhamana. Shtaka likatolewa katika sheria ya Kenya ya 2018 kuhusu makosa ya mtandaoni: ameingilia mfumo wa kompyuta bila idhini. Kwa lugha ya kawaida, barua za wananchi zilikuwa nyingi mno kwa masikio ya wabunge. Tarehe 20 Juni hakimu alilikataa shtaka kwa kuwa halikuonyesha kosa lolote. Mwanamke alitumia jina lake na sura yake, akalala rumande vilevile. Mzee alinijibu kwamba "huyo ni tofauti". Tofauti na nani, hakusema.

Maana za maneno hazina ugomvi. Udukuzi wa kiharakati ni kuingia, kuziba au kuchafua mfumo wa kompyuta bila idhini kwa sababu ya kisiasa, si ya mfuko. Uhalifu ni kile kinachokatazwa na sheria kwa adhabu. Uasi wa kiraia, kwa mujibu wa mwanafalsafa John Rawls, huwa wa hadharani, wa dhamiri na usiomwaga damu. Tuyachukue hayo yalivyo, tuendelee.

Ninachouliza ni kwa nini swali hili huelekezwa chini tu, kwa wanyonge. Kati ya 2020 na 2022 kila Mkongomani mwenye simu alizijua herufi tatu: RAM, yaani Registre des appareils mobiles. Tuliambiwa kwamba ni kuandikisha simu ili kupambana na simu bandia na za wizi. Ulikuwa unaweka uniti, na kabla hujampigia mtu, sehemu imekwisha kukatwa: dola 1 kwa mwaka kwa simu ndogo, dola 7 kwa simu ya 3G au 4G, vipande kwa vipande. Hakuna aliyeulizwa kama anakubali. Mama anayeuza mawese sokoni alikatwa, na waziri alikatwa, kana kwamba mifuko yao inalingana. Makelele yalipanda mpaka bungeni, na mwaka 2022 tozo ikaondolewa.

Sasa tulivue tendo hilo jina lake tulitazame. Mtu ameingia ndani ya chombo changu bila kupiga hodi, amechukua kitu chenye thamani, amekwenda zake. Kijana angezifanyia hivyo simu za watu wa mji huu, angeitwa mwizi, na sina hakika kama angefika kituo cha polisi akiwa mzima. Lakini miaka yote ya RAM sikumsikia mzee wangu akilitamka neno hilo.

Kuna pia kuziba. Silaha ya kawaida ya wadukuzi wa kisiasa ni kuimwagia seva maombi mengi ya bandia mpaka ishindwe kumhudumia yeyote. Tovuti huzimika saa kadhaa, pengine siku kadhaa. Serikali yetu iliizima intaneti ya nchi nzima tarehe 31 Desemba 2018, siku moja baada ya uchaguzi, na giza hilo likadumu karibu wiki tatu. Mshauri wa Rais Kabila, Barnabé Kikaya Bin Karubi, alieleza kwamba ni kwa sababu matokeo ya uongo yalikuwa yanasambaa. (Vijiji vya ndani huko Kabambare havikuathirika. Intaneti haiwezi kufungwa mahali ambapo haikuwahi kufunguliwa.) Nitaambiwa kwamba serikali ina sheria na kijana hana. Ni hoja ya haki, nami ningeisikiliza kwa utulivu zaidi kama RAM ingezaliwa kwa kura ya bunge badala ya dikrii.

Nirudi kwenye kujificha, maana hapo ndipo damu yangu inapochemka. Anayesema kwamba mwenye haki hajifichi anadhani kuonekana ni bure. Floribert Chebeya hakujificha. Mwezi Juni 2010 mtetezi huyo wa haki za binadamu alikwenda kwenye ofisi ya mkuu wa polisi huko Kinshasa, kwa miadi, kwa jina lake, akiendeshwa na Fidèle Bazana. Kesho yake Chebeya alikutwa amekufa ndani ya gari lake, na Bazana hakuonekana tena. Vijana sita wa vuguvugu la LUCHA hawakujificha mwezi Februari 2016 walipokuwa wakiandaa mabango ya ville morte (siku ya kufunga mji) huko Goma: walikamatwa alfajiri, wakahukumiwa kifungo, kwa kosa la kuwaomba watu wabaki majumbani. Rossy Mukendi hakujificha tarehe 25 Februari 2018. Alipigwa risasi kwenye parokia ya Saint-Benoît, Kinshasa, katika maandamano ya Wakatoliki. Wote hawa walilitimiza sharti la mzee. Sasa na atuambie walipata nini kwa kulitimiza, na kama angemshauri mtoto wake mwenyewe afuate njia hiyohiyo.

Mji kama wetu una shida yake ya pekee. Kinshasa mtu anaweza kupotea ndani ya umati. Kasongo kila mtu anamjua baba yako, shamba lako na deni lako. Mwalimu akitia sahihi barua ya kumlalamikia mkubwa, habari itafika Kindu, makao makuu ya mkoa, kabla yeye hajafika nyumbani kwake. Kwa hiyo barua haiandikwi. Ukimya huo wenye mamlaka huuita utulivu.

Wanaosema kama mzee hupenda kumleta Gandhi, na kweli tarehe 16 Agosti 1908 Wahindi wa Johannesburg walichoma vyeti vyao vya kuandikishwa mchana kweupe, mbele ya msikiti, Gandhi akiwa nao. Sawa. Gandhi alikuwa wakili, alikuwa na gazeti, na alikuwa na watu London waliosoma gazeti hilo. Kifungo chake kilihesabiwa. Cha mchimbaji wa dhahabu wa Salamabila nani atakihesabu? Na wale wa Boston waliotupa chai baharini mwezi Desemba 1773 walijivika mavazi ya Wamohawk wasitambulikane. Leo watoto wa Marekani wanafundishwa kujivunia usiku ule. Sijasikia mwalimu wa huko akiwaambia kwamba ulikuwa ni wizi tu wa chai.

Zaidi ya hayo, Jamhuri yenyewe imekubali kwamba mwenye haki anaweza kujificha. Siku ya uchaguzi CENI, tume ya uchaguzi, inatujengea kibanda, inatuamuru tuingie mmoja mmoja. Tendo kubwa kuliko yote la raia linafanywa mafichoni kwa amri ya sheria, kwa sababu waliotunga sheria walijua kwamba mnyonge akionekana na mwenye nguvu hasemi anachofikiri. Mzee amepiga kura mara ngapi maishani mwake? Hakuona wizi pale. Na ule ujumbe wa RAM uliofika kwenye simu zetu, ulikuwa na jina la nani chini yake? Hakuna mtu aliyeutia sahihi. Mwenye nguvu naye huvaa barakoa, ila yake inaitwa ofisi.

Hapa naomba ruhusa ya kupita njia ya pembeni, maana mtu wa Kasongo akiulizwa nani mhalifu hawezi kuacha kuwataja wenyeji wake wa zamani. Hamed bin Muhammed, Tippu Tip, alikuwa na makao hapa. Ulaya ilimwita mfanyabiashara wa watumwa, na alikuwa hivyo kweli. Lakini Februari 1887, huko Zanzibar, mpelelezi Stanley alitiliana naye mkataba kwa niaba ya Mfalme Leopold II wa Ubelgiji, na mtu yuleyule akawa wali wa Stanley Falls kwa mshahara wa pauni 30 kwa mwezi. Miaka mitano baadaye upepo ukageuka, mwanawe Sefu akawa adui wa ustaarabu, na Aprili 1893 askari wa Dola Huru ya Kongo chini ya Dhanis wakauteka mji huu. Waliutekaje? Kwa msaada mkubwa wa Ngongo Lutete, aliyekuwa mtu wa Tippu Tip kabla ya kuhamia upande wa Dola hiyo. Nayo Dola Huru ilimlipa nini? Septemba mwaka uleule maofisa wake walimshtaki kwa uhaini huko Ngandu na kumpiga risasi. Wengi wa watu wake walibaki katika jeshi la Dola Huru, na mwaka 1895 askari wa Luluabourg wakaasi; uasi huo nao ukaitwa uhalifu. Ningeweza kuendelea na Ngongo Lutete mpaka jua lizame. Kila mmoja katika kisa hiki aliitwa mhalifu na mshirika kwa zamu, kufuatana na nani ameshika kalamu juma hilo. Tahadhari moja tu: minyororo ya watumwa wa Nyangwe ilikuwa minyororo ya kweli, kalamu iwe mkononi mwa nani. Kwa hiyo siwezi kusema kwamba uhalifu ni jina tupu.

Tahadhari hiyo inanirudisha mahali nisipopapenda. Mwezi Julai 2023 kundi lililojiita Anonymous Sudan liliizima eCitizen, lango ambalo Wakenya hupitia kupata huduma zaidi ya 5,000 za serikali. Sababu waliyoitoa ilikuwa ya kisiasa: Kenya inaingilia mambo ya Sudan. Walioumia ni waombaji wa pasipoti na watu wanaotaka tiketi ya treni, si mawaziri. Mwezi Oktoba 2024 waendesha mashtaka wa Marekani walitangaza kuwashtaki ndugu wawili Wasudani, wakidai kwamba kundi hilo lilikuwa likiwauzia wateja huduma ya mashambulizi na kwamba lilishambulia hata hospitali moja ya Los Angeles. Ikiwa ni kweli, barakoa ya mnyonge ilivaliwa na mchuuzi. Wapo pia wanaosema kwamba wadukuzi wakimwaga nyaraka hadharani, humwaga na siri za watu wadogo. Ni kweli, na sina jibu.

Basi namtenga Rose Njeri upande huu na wauzaji wa mashambulizi upande ule, na hilo halinipi taabu. Taabu iko katikati, kwa kijana wa Goma au Kindu anayeizima tovuti ya wizara kwa siku moja bila kuchukua senti wala siri ya mtu, asiyetaja jina kwa sababu anamkumbuka Chebeya. Ville morte hufunga soko siku nzima; muuza mihogo hupata hasara, na bado wengi wetu tunaiita maandamano. Kwa nini wizara iwe takatifu kuliko soko? Lakini soko la ville morte hufungwa na wenye maduka wenyewe, walau wengi wao, na seva haikuulizwa. Nikifika hapo nakwama.

Tangu Machi 2023 nchi yetu ina Code du numérique, sheria ya mambo ya kidijitali, yenye makosa na adhabu za mambo haya, na siku moja kesi ya kwanza ya kijana wa namna hiyo itafika mbele ya mahakama yetu ya Kasongo. Nawaomba wanasheria wa hapa, mzee wangu akiwa wa kwanza, wasimame siku hiyo wamuulize mwendesha mashtaka nani ameumia na kwa kiasi gani, kabla hawajamuuliza kijana kwa nini alificha uso.