Mizani Haiibi

Huko Nizi, kaskazini ya Bunia, watu wajua dhahabu, na wajua mizani pia. Mchimbaji apeleka chembe zake kwa mnunuzi. Mnunuzi apima, kisha ataja bei. Mchimbaji akinung'unika, huenda akaambiwa: «Mizani ndiyo iliyosema.» Lakini sote twajua ya kuwa mizani haiibi. Aibaye ni mtu aliyeweka vipimo vya uwongo.

Twatoa mfano huo kwa kuwa siku hizi kuna mizani nyingine, ipimayo moyo wa mwanadamu. Moyo una vyumba vinne, viwili juu na viwili chini. Chumba cha chini cha kushoto ndicho kisukumacho damu mwilini mwote. Daktari hukitazama kwa mashine ya mawimbi ya sauti, huchora mpaka wa chumba hicho katika picha, kisha huhesabu damu itokayo kwa kila pigo. Kwa mtu mwenye afya, yapita nusu ya damu iliyokijaza chumba.

Sasa kompyuta yaweza kuchora mpaka huo yenyewe. Mwaka 2020 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, walitangaza programu waliyoifundisha na kuijaribu kwa picha 10,030 za moyo unaopiga, wakitumia mipaka iliyochorwa kwanza na watu.

Basi, kompyuta ikikosea mpaka, na mgonjwa akarudishwa nyumbani bila dawa, kosa ni la nani? Labda mtu atasema: «Kompyuta ndiyo iliyosema.» La, hasha! Mashine haina dhamiri; haiwezi kutenda dhambi wala kutubu. Wenye wajibu ni watu: aliyeifundisha, aliyeinunua, na daktari atiaye sahihi bila kutazama picha kwa macho yake.

Je, tuikatae? Hapana. Mahali penye madaktari wachache wa moyo, msaada huo waweza kuokoa maisha. Lakini mizani njema hujaribiwa kwanza mbele ya watu. Programu iliyojifunza kwa wagonjwa wa California yapaswa kujaribiwa kwa mioyo ya watu wa Ituri kabla ya kuaminiwa kwao. Kumpima maskini kwa kipimo kisichojaribiwa, kwa sababu tu hana daktari mwingine, si huruma.

Ndugu wasomaji, tushukuru kwa akili Mungu aliyowajalia wanadamu. Lakini tusijifiche nyuma ya vyombo vyetu. Siku ya hukumu mashine haitaulizwa neno, tutaulizwa sisi.